Kwa nini lami inabonyea kwenye miinuko na kwenye foleni ya mizani, lakini tambarare inabaki sawa?

#1 Msafiri wa Ruaha

Wakuu, salaam.

Wiki iliyopita nimetoka Dar kwenda Mbeya kwa basi la mchana, siti ya mbele kabisa karibu na dereva. Safari nzima macho yalikuwa barabarani. Kwenye tambarare lami imelala vizuri. Mkianza kupanda mlima, upande wetu wa kushoto yanaanza mabonde mawili yanayofuata matairi, na kingo zake zimevimba kama matuta ya viazi. Upande wa wanaoshuka hakuna kitu cha kutisha. Mkikaribia mizani, pale malori yanaposubiri zamu, mabonde yanarudi. Kabla ya matuta ya kupunguza mwendo, yapo tena.

Sasa swali langu. Malori ni yale yale, lami ni ile ile, mkandarasi wa kipande kizima ni mmoja. Kama ni uzito, mbona tambarare haijabonyea? Kama ni kuibiwa vifaa, mwizi aliamuaje kuiba kwenye vilima peke yake? Dereva wetu aliniambia, "Lami nayo inachoka kupanda mlima kama mtu." Maneno hayo hayajaniondoka kichwani. Wenye taaluma naomba msaada.

#2 Kambi Popote

Naweka kambi. Nimesubiri uzi kama huu muda mrefu.

#3 Mzee wa Kifusi

Mleta uzi, jibu ni uzito. Nimefanya kazi za barabara toka nikiwa kijana wa kushika fimbo ya vipimo, na kila ninaporudi kwenye barabara iliyokufa nakuta sababu ni ile ile.

Watu wanadhani lori likizidisha mzigo kidogo, barabara nayo inaumia kidogo. Sivyo. Madhara yanakua kwa nguvu ya nne ya uzito wa ekseli. Sheria yetu ya Afrika Mashariki, ambayo hapa kwetu ilianza kusimamiwa 2019, inaruhusu tani 10 kwa ekseli moja ya matairi manne, na lori zima lisizidi tani 56. Chukua ekseli ya tani 10 uipandishe hadi 13. Uzito umeongezeka kwa asilimia 30 tu, lakini piga 1.3 mara yenyewe mara nne: inatoka 2.86. Lori hilo moja limekula barabara karibu kama malori matatu. Tena tairi za siku hizi zinajazwa upepo mpaka zinakuwa ngumu kama gogo, eneo la kugusa lami linakuwa dogo, mgandamizo unapanda. Dhibiti mizani, barabara itadumu.

#4 Hesabu Kwanza

Mzee wa Kifusi, heshima yako. Niongeze na nirekebishe kidogo. Hiyo nguvu ya nne ilitoka kwenye majaribio ya barabara ya AASHO, chama cha maofisa wa barabara kuu wa Marekani, pale Ottawa, Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960. Walijenga vitanzi vya barabara, wakaweka malori yazunguke usiku na mchana mpaka zikapita ekseli zaidi ya milioni 1. Ila mahali penyewe ardhi inaganda barafu wakati wa baridi na kulainika inapoyeyuka. Sehemu kubwa ya uharibifu walioupima ilitokea majira hayo ya kuyeyuka. Kwetu hakuna barafu, sisi tuna jua na masika. Ndiyo maana baadhi ya miongozo ya nchi za joto inatumia 4.5 badala ya 4. Na mabonde ya lami yenyewe kulainika ni ugonjwa mwingine kabisa, kanuni ile haikutengenezwa kwa ajili yake.

#5 Mzee wa Kifusi

Nakubali kuhusu Illinois. Lakini ukitumia 4.5 hoja yangu ndiyo inazidi kuwa nzito, haipungui.

#6 Lab ya Kokoto

Wote mmesema kweli, lakini mleta uzi hajajibiwa. Ameuliza kwa nini mlimani na si tambarare. Uzito wa lori haubadiliki likifika mlimani. Kinachobadilika ni MUDA.

Kwanza tutenganishe maneno, maana sisi tunaita vyote lami. Ule uji mweusi unaonata ni bitumeni. Tabaka la barabara ni kokoto, mchanga na vumbi la mawe, vimegandishwa na bitumeni kidogo, kwa kawaida kama asilimia 5 ya uzito wote. Hiyo asilimia 5 ndiyo yenye tabia ya ajabu. Nenda kambi yoyote ya ujenzi ambako kuna pipa la bitumeni iliyoganda. Asubuhi ipige nyundo: inapasuka kama chupa. Kisha weka jiwe juu yake uende zako. Ukirudi jioni, jiwe limezama. Bitumeni ile ile imekuwa kioo asubuhi na asali jioni. Ukiiharakisha ni ngumu, ukiipa muda inatiririka.

Sasa piga hesabu. Sehemu ya tairi inayogusa barabara tuseme ina urefu wa sentimita 30. Lori likienda kilomita 80 kwa saa, tairi inapita juu ya nukta moja kwa sekunde 0.0135. Likipanda mlima kwa kilomita 10 kwa saa, inakaa pale sekunde 0.108. Mara 8! Kwa lami, lori lile lile mlimani ni sawa na malori manane yaliyofuatana tambarare. Na kwenye foleni ya mizani tairi inakaa dakika nzima au zaidi. Dereva wako hakukosea sana, ila anayechoka mlimani ni lori. Lami inaumia kwa sababu lori limechoka.

Miongozo ya TRL, maabara ya Waingereza ya utafiti wa usafiri, kwa nchi za joto inayatenga maeneo haya kabisa: miinuko, makutano, vituo vya mabasi. Wanayaita maeneo magumu na wanataka mchanganyiko wake upimwe kivyake. Ukimwaga mchanganyiko mmoja kilomita zote 100, mlima utakuumbua.

#7 Kambi Popote

Jiwe linazama kwenye bitumeni ngumu! Hii nimewasomea watoto hapa sebuleni.

#8 dereva_Tunduma

Mimi ni dereva wa semitrela, njia ya Tunduma miaka 14. Lab ya Kokoto umesema vizuri, ila ongeza kitu. Nikiwa na mzigo mlimani natembea kilomita 10 au 12 kwa saa, gia ya chini kabisa. Tairi za mori, zile zinazosukuma gari, hazipiti juu ya lami kwa upole. Zinaing'ang'ania na kuisukuma nyuma. Saa nane mchana ukiwa nyuma ya mwenzako unaona kabisa lami inang'aa na inanata. Tambarare tairi inabingirika tu.

Na mabonde haya msiyachukulie kama uchafu wa barabara. Usukani unavutwa. Ukitaka kumpisha mtu unapanda ule mgongo wa lami, trela linayumba. Mvua ikinyesha maji yanakaa humo ndani kama mfereji. Nimemzika rafiki aliyetoka kwenye bonde la namna hiyo na trela likamshinda. Kwa hiyo mnaojua haya mambo, msichoke kuyaeleza.

#9 Msafiri wa Ruaha

Pole sana dereva. Asante kwa kuja.

#10 Kemia Darasani

Poleni. Niingie kwa upande wa joto, maana naona hakuna aliyeligusa.

Bitumeni iliyozoeleka kwetu kwa barabara kuu ni ya 60/70. Hizo namba maana yake ni hii: sindano yenye mzigo wa gramu 100 inaachiwa kwa sekunde 5 kwenye bitumeni yenye joto la nyuzi 25, ikizama milimita 6 hadi 7 basi ndiyo hiyo. Yaani tunaipima kwa nyuzi 25! Lami nyeusi juani saa nane mchana, maeneo ya chini kama bonde la Ruaha au pwani, inaweza kupita nyuzi 60. Na kiwango cha kulainika cha bitumeni hiyo, kile kinachopimwa kwa pete na kigololo cha chuma, kiko karibu na nyuzi 50. Kwa hiyo kila mchana wa jua kali bitumeni ya barabarani imekwisha kupita mahali pa kulainika, na hapo ndipo semitrela inapita kwa kilomita 10 kwa saa.

Wamarekani walikiona kipimo cha sindano hakitoshi. Kati ya 1987 na 1993 waliendesha mpango mkubwa wa utafiti, wakatoka na mfumo wa kuipa bitumeni daraja kwa joto la barabara yenyewe: 64, 70, 76, 82, kila daraja linapanda nyuzi 6. Na kilichonigusa ni hiki: mfumo huo unasema kama magari yanakwenda taratibu, panda daraja moja, na kama yanasimama, panda mawili, hata kama hali ya hewa ni ile ile. Yaani mwendo mdogo wameuhesabu kama joto la ziada. Hilo ndilo jibu la uzi huu kwa lugha ya maabara.

Unaipandishaje daraja? Unaichanganya na polima. Inayotumika zaidi inaitwa SBS. Ina minyororo mirefu, ncha zake ni ngumu na katikati ni laini kama raba. Ndani ya bitumeni ncha zinashikana, unapata wavu. Tairi ikibonyeza wavu unavutika, tairi ikiondoka wavu unarudi. Bitumeni ya kawaida ikisogea haikumbuki ilikotoka.

#11 Mchumi wa Tandale

Na bei? Maana hapa kila mtu anaongeza kitu.

#12 Kemia Darasani

Ni ghali kuliko ya kawaida, inataka matangi yanayokoroga muda wote na joto kubwa zaidi wakati wa kumwaga. Lakini hakuna anayesema uiweke kilomita zote. Weka kwenye mpando, mizani, stendi.

#13 Lab ya Kokoto

Kemia, nakuheshimu lakini hapa tutofautiane. Ukitegemea bitumeni peke yake ibebe lori kwenye nyuzi 60 utafeli hata ukiijaza polima. Kinachobeba lori ni MIFUPA, yaani kokoto zinazogusana na kukabana. Bitumeni ni mishipa tu.

Nieleze nilichokiona kwenye kazi niliyowahi kupima, sitaitaja. Tulitoboa miche ya lami, yaani vipande vya mviringo kama gogo fupi, kutoka kwenye mabonde na kutoka katikati ya njia ambako tairi hazipiti. Katikati uwazi wa hewa ndani ya lami ulikuwa karibu asilimia 5. Ndani ya bonde haukufika 2. Maana yake ni nini? Lami inahitaji vyumba vidogo vya hewa ili bitumeni ikivimba kwa joto ipate pa kwenda. Malori yakizidi kuishindilia, vyumba vinakwisha. Ukishuka chini ya asilimia 3 bitumeni inajaa kila mahali, inaanza kuzitenganisha kokoto, na mchanganyiko mzima unaelea kama kifusi kilichojaa maji. Hapo ndipo unapoona ile migongo pembeni.

Na kipimo tulichorithi, cha Bruce Marshall wa Mississippi, ni cha mwisho wa miaka ya 1930. Unagonga sampuli mara 75 kila upande, unasema hiyo ndiyo hali ya barabara baada ya magari kupita. Lami ya kwenye mpando wa Tunduma inapata zaidi ya mapigo 75, jamani. Ndiyo maana kwa maeneo magumu unatakiwa ugonge mpaka sampuli ikatae kabisa kushuka, na hata hapo ibaki na asilimia 3 ya hewa.

Jambo la pili ni mchanga wa mtoni. Chembe zake ni za mviringo, zimesuguliwa na maji. Ni laini kumwaga, peva, ile mashine ya kutandaza lami, inafurahi, rola inafurahi. Lakini mviringo juu ya mviringo unabingirika. Vumbi la mawe yaliyopondwa lina kona, linakabana. Badilisha mchanga kabla hujanunua polima.

#14 Mzee wa Kifusi

Hapo kwenye mchanga Lab umenigusa. Tulikuwa tunausifia kwa sababu kazi inaonekana nyororo siku ya uzinduzi.

#15 Fundi Rola

Salaam. Mimi sina kemia wala hesabu, nina rola. Naona mnasahau kitu rahisi. Mlimani kushindilia ni kazi ngumu. Rola ikishuka inateleza, ikipanda inaisukuma lami moto na kuipasua mistari. Mwendeshaji mwoga anapunguza mitetemo au anapunguza kupita. Tena mlimani kuna upepo, lami inapoa haraka. Kuna siku lori la lami liliharibika njiani, likafika limechelewa mno, lami imepoa. Msimamizi alisema mwaga. Tukamwaga. Ulikuwa unaona rola inapita lakini lami haishuki, imekwisha kukaza.

Lami isiyoshindiliwa vizuri malori yatakuja kuishindilia yenyewe, na yanashindilia pale tairi zinapopita tu. Hayo ni mabonde tayari, hata bitumeni iwe ya dhahabu.

#16 Msafiri wa Ruaha

Fundi Rola, nakuelewa, lakini nilisema upande wa kushuka hauna mabonde makubwa. Rola si ilipata shida pande zote mbili?

#17 Fundi Rola

Hapo umenibana. Labda upande mmoja walimwaga siku nyingine.

#18 dereva_Tunduma

Msafiri, hata hoja ya Lab ya muda inabanwa hapo hapo. Kushuka nako hatukimbii. Mlima mrefu nikiwa na mzigo nashuka kwa gia ya chini, sishiki breki ovyo zisije zikaungua. Si kilomita 10, lakini si 80 pia. Na malori hayarudi Dar matupu yote, kuna shaba ya Zambia na Congo inakuja bandarini, ni mzigo mzito. Mbona huko kushuka lami haijavimba?

#19 Lab ya Kokoto

Swali zuri sana, nalifikiria tangu asubuhi. Tuseme unashuka kwa 30 au 40, tayari ni mara tatu au nne ya mwendo wa kupanda. Halafu ulisema mwenyewe kwenye #8, kupanda tairi za mori zinasukuma. Kushuka breki zinagawana kwenye tairi zote za lori, trela ikiwemo. Kupanda, nguvu yote inatoka kwenye ekseli mbili za mori.

#20 Mzee wa Kifusi

Au upande wa kutoka bandarini mizigo imezidi, basi. Mnazunguka sana kulikwepa jibu langu. Pimeni ekseli za pande zote mbili kwa mwezi mmoja, tutaona.

#21 Nyali254

Wadau wa TZ, hujambo. Hata huku kwetu ni hadithi hiyo hiyo. Barabara ya Mombasa kwenda Nairobi, ukikaribia mizani ya Mlolongo, miaka mingi tumeona lami imekunjwa kama shuka. Mimi nauliza, kwa nini tusitumie zege pale pagumu tu? Zege halijui jua wala halijui muda. Lori lisimame juu yake siku tatu, halizami. Mbagathi Way kule Nairobi ilijengwa kwa zege. Hata nyinyi njia za mabasi ya mwendokasi Morogoro Road si ni zege? Aliyeamua hivyo alijua basi linasimama kituoni pale pale kila dakika chache.

#22 Hesabu Kwanza

Naam, za mwendokasi ni zege, na sababu yako ndiyo yenyewe: njia moja, tairi mahali pale pale, kusimama na kuondoka kutwa nzima. Ila zege nalo linajua jua, Nyali. Mchana juu linapata joto kuliko chini, bamba linajikunja kingo zikitazama chini. Usiku linajikunja kinyume, kingo zinainuka. Lori likikanyaga kona iliyoinuka, linapasuka. Ndiyo maana kuna viungo na vyuma vya kuunganisha mabamba.

#23 Mzee wa Kifusi

Na barabara ya lami ukiitengeneza leo, kesho magari yanapita. Zege linataka siku nyingi likomae. Kwenye mlima usio na njia ya mchepuko utayapeleka wapi malori ya nchi nne? Na ardhi ya chini ikiwa mbuga, zege litavunjika vipande kabla lami haijabonyea.

#24 Binti Kishapu

Umetaja mbuga, nami nimeamka. Kwetu Shinyanga mbuga ni ule udongo mweusi. Kiangazi unapasuka mpaka mguu wa ng'ombe unaingia, masika unavimba na kuwa gundi. Barabara ya kijijini kwetu imejazwa kifusi mara nyingi tangu nizaliwe na kila masika kinamezwa. Mama yangu alibebwa kwa mkokoteni wa ng'ombe kwenda kujifungua mdogo wangu kwa sababu gari halikuweza kupita. Nyinyi mnajadili milimita za mabonde, sisi tunatafuta barabara yenyewe. Sayansi yenu inasemaje kuhusu udongo wetu?

#25 Kemia Darasani

Binti Kishapu, swali lako ni zito kuliko letu na lina majibu.

Udongo ule umetengenezwa kwa vijikaratasi vidogo sana vya madini, na maji yanaingia kati ya karatasi na karatasi. Ndiyo kuvimba kwenyewe. Ukiuchanganya na chokaa, kwanza kalsiamu inakaa kwenye nyuso za zile karatasi, inazivuta zishikamane kuwa chembe kubwa. Kwa saa chache tu udongo uliokuwa unanata unakuwa kama mchanga wenye punje. Pili, chokaa ikitosha inapandisha ukali wa alkali kiasi kwamba silika na alumina za udongo wenyewe zinaanza kuyeyuka na kuungana na kalsiamu, zinatengeneza gundi inayofanana na ya saruji. Hiyo inaendelea kukaza kwa miezi.

Ila usiweke chokaa kidogo kwa kubahatisha. Chini ya kiwango fulani unapata hatua ya kwanza tu, na miaka michache baadaye udongo unarudi kwenye tabia yake. Na kabla ya chokaa, mitaro. Maji yakikaa pembeni ya tuta la barabara, kila kitu ni bure.

#26 Mzee wa Kifusi

Mitaro, mitaro, mitaro. Kemia leo umesema neno la wahandisi. Binti, nyongeza: barabara ya kijiji haihitaji lami ya inchi mbili. Kuna lami nyembamba inaitwa Otta seal, ilianzia bonde la Otta, Norway, miaka ya 1960. Inatumia changarawe ya kawaida ya eneo husika, haitaki kokoto zilizochaguliwa ukubwa mmoja, na bitumeni laini inayopanda yenyewe kati ya mawe kadiri magari yanavyokanyaga. Botswana wameitumia sana, kwetu na Kenya imeshatumika pia.

#27 Binti Kishapu

Asanteni. Nimeyaandika kwenye daftari, kikao cha kijiji ni mwezi ujao.

#28 Mama wa Mazingira

Na ile ya kuweka plastiki kwenye lami? Nasikia India wanafanya.

#29 Kemia Darasani

Ni kweli. Profesa Rajagopalan Vasudevan wa Madurai ndiye aliyeieneza, tangu mwanzoni mwa miaka ya 2000. Plastiki laini iliyokatwakatwa inamwagwa juu ya kokoto zenye joto la nyuzi 160 na zaidi, inayeyuka na kuzivika ngozi nyembamba, halafu ndipo bitumeni inafuata. Faida kubwa ninayoipenda ni kwamba ngozi ile inazuia maji yasiingie kati ya jiwe na bitumeni. Mawe yenye kwatzi nyingi, kama granaiti zetu nyingi, yanapenda maji kuliko bitumeni, kwa hiyo masika lami inavuliwa kama ganda. Lakini si kila plastiki inafaa. Mabomba ya PVC yakipashwa moto yanatoa hewa ya sumu. Na chembe zinazochubuka zinaishia mtoni, hilo bado linaniumiza kichwa.

#30 Nyali254

Na Uholanzi wameweka nyuzi za chuma ndani ya lami. Ikianza kuchanika, gari lenye koili ya umeme linapita juu, chuma kinapata moto, bitumeni inayeyuka na kuziba ufa wenyewe. Walijaribu kwenye barabara ya A58 mwaka 2010.

#31 dereva_Tunduma

Sisi lami yetu jua linaiyeyusha bila koili. Tafuteni ya kuizuia isiyeyuke kwanza. Halafu kuna dizeli. Kwenye foleni ya mizani malori mabovu yanadondosha dizeli pale pale kila siku. Weka dizeli kwenye lami uone, inalainika kama mkate kwenye chai. Hilo hakuna aliyelitaja.

#32 Lab ya Kokoto

Kweli kabisa, dereva. Dizeli na bitumeni zote zimetoka kwenye mafuta ghafi, moja inamyeyusha mwenzake. Mizani na vituo vya mafuta wengi wanaweka zege kwa sababu hiyo pia.

Msafiri, kabla hatujagawanyika zaidi, tupate ushahidi. Kuna njia ya kujua ugonjwa uko tabaka gani bila maabara. Chukua ubao ulionyooka wa mita 2, ulaze kukatiza barabara juu ya bonde, mahali salama, SI barabara kuu. Pima kina kwa rula. Kisha angalia pembeni. Kama kuna migongo iliyoinuka pande mbili za tairi, lami yenyewe imesogea: ni mimi au Kemia. Kama bonde ni pana, kama sahani, bila migongo, tabaka za chini zimeshuka: ni Mzee wa Kifusi. Kama ni jembamba na migongo haipo, Fundi Rola anaweza kuwa sahihi.

#33 Mzee wa Kifusi

Usimdanganye kijana. Jibu kamili ni kukata mtaro kukatiza barabara na kuangalia kila tabaka ubavuni. Nimeona bonde lenye migongo, tulipochimba tukakuta na msingi wa chini nao umeshuka. Yanaweza kuwa yote mawili.

#34 Lab ya Kokoto

Sawa Mzee. Ubao kwanza, mtaro baadaye.

#35 Msafiri wa Ruaha

Wakuu, nimerudi baada ya siku tisa. Sikwenda barabara kuu. Nimepima mtaani kwetu, barabara ya kupandia stendi, Jumapili alfajiri, mdogo wangu akisimama na kitambaa chekundu. Nimetumia mbao ya kenchi niliyoazima kwa fundi seremala.

Katikati ya mpando, bonde la kushoto milimita 31, la kulia 24. Migongo ipo, tena unaihisi kwa mguu. Chini tambarare, milimita 7, hakuna mgongo. Pale daladala zinaposimama, milimita 38. Upande wa kushuka, milimita 9.

#36 Lab ya Kokoto

Kazi safi sana! Lami imesogea. Sasa niambie, ndani ya bonde unaziona kokoto au pameng'aa peusi?

#37 Msafiri wa Ruaha

Peusi, panang'aa, kokoto hazionekani. Nje ya bonde zinaonekana vizuri.

#38 Kemia Darasani

Bitumeni imepanda juu. Ilizidi kwenye mchanganyiko, au ni laini mno kwa mahali hapo.

#39 Mzee wa Kifusi

Msafiri, uliza wenyeji. Barabara hiyo ilikuwa inapitisha malori ya nini? Nauliza kwa sababu mpando wa stendi wenye milimita 31 kwa daladala tupu siuamini.

#40 Msafiri wa Ruaha

Kuna machimbo ya mchanga huko juu. Malori ya mchanga yanashuka yamejaa, yanapanda matupu.

#41 dereva_Tunduma

Yanapanda MATUPU? Na bonde liko upande wa kupanda?

#42 Fundi Rola

Nilisema mimi. Walimwaga siku tofauti.